Kubalehe kumechelewa, kumewahi au kumekwama? Jinsi ya kutafuta chanzo

Shule za bweni zikifungwa, wazazi wa Kisumu hupata mshtuko wa aina mbili. Kuna anayefungua mlango akakuta suruali ya sare imempanda kijana hadi juu ya kifundo na sauti imekuwa nzito. Na kuna anayemwona wake amerudi vile vile alivyoondoka, viatu vile vile, sauti ile ile, ilhali binamu yake wa rika moja ameshaanza kuota ndevu. Maswali yanayofuata kliniki sisi wauguzi tumeyazoea: amechelewa? ni damu ya kwao? ni hawa kuku wa broila? kuna tembe za kumrefusha?

Mwongozo huu unaanza na dalili unayoiona, kisha unarudi nyuma hadi kwenye chanzo. Kabla ya kuanza unahitaji kujua mambo matatu: umri wa hakika, badiliko lililotangulia mengine, na sentimita anazokua mtoto kwa mwaka. Hilo la tatu ndilo linaloamua mengi, na ndilo wazazi wengi hawana.

Amri inavyotoka ubongoni

Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Hiyo hutoa homoni ya GnRH, tena si kwa mfululizo bali kwa vipindi, takriban kila saa moja hadi saa moja na nusu. Kila kipindi huisukuma tezi ya pituitari, iliyo chini yake tu, imwage homoni mbili, LH na FSH, kwenye damu. Hizo mbili zikifika kwenye ovari za msichana au korodani za mvulana, ndipo estrojeni na testosteroni hutengenezwa, na mwili unaanza kubadilika.

Mfumo huu huamka kwa miezi michache mtoto akiwa mchanga, kisha hulala kwa miaka. Kuamka kwake mara ya pili ndiko kubalehe. Mwaka 2003 watafiti waligundua kwamba watu wa familia fulani ambao hawakubalehe kabisa walikuwa na hitilafu kwenye kipokezi cha homoni ya kisipeptini, na tangu hapo tunajua kwamba hiyo ni mojawapo ya funguo za kuiamsha haipothalamasi. Mafuta ya mwilini nayo yana sauti: hutoa leptini, ambayo huujulisha ubongo kwamba akiba ya chakula ipo. Akiba isipokuwepo, ubongo huahirisha shughuli. Mwanzoni vipindi hivi huja usiku, mtoto akiwa usingizini, na ndiyo maana damu ya kupima homoni hizi hutolewa asubuhi mapema.

Kuna njia mbili nyingine zinazoendeshwa pembeni, na kuzichanganya na hii ndiko kunakoleta wasiwasi usio na sababu. Ya kwanza ni ya tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Kuanzia miaka 6 hadi 8 hivi, hizo huanza kutoa homoni hafifu za kiume kwa watoto wa jinsia zote, nazo huleta harufu ya jasho, chunusi na nywele za kwapa na za sehemu za siri. Ya pili ni ya kimo: pituitari hutoa homoni ya ukuaji, ini hujibu kwa kutoa IGF-1, homoni inayorefusha mifupa, na homoni ya tezi ya shingo, yaani thairoidi, huhakikisha kazi inaendelea. Wakati wa kubalehe, homoni za jinsia huongeza kasi ya kimo, halafu hizo hizo hufunga gegedu lililo kwenye ncha za mifupa.

Anayefunga ni estrojeni, hata kwa wanaume. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walimwelezea mwanamume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuitikia estrojeni. Alikuwa na sentimita 204 na mifupa yake ilikuwa bado haijafunga. Kwa hiyo anayetaka kumpa mtoto homoni ili arefuke aelewe kwamba anaweza kumharakishia mwisho wa kurefuka.

Anza na umri, kisha kimo

Jambo la kwanza la kuondoa ni la karatasi. Umri wa cheti si lazima uwe umri wa mtoto. Wapo waliopunguziwa mwaka au miwili ili waingie kwenye timu ya shule ya umri fulani, na wapo walioandikiwa cheti wakiwa wakubwa, tarehe ikakisiwa. Ukiambiwa msichana wa miaka 7 na nusu ameota matiti, tafuta kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Chanjo ya BCG hupigwa mtoto akiwa mchanga, na tarehe iliyoandikwa na muuguzi siku ile haina sababu ya kudanganya.

Kimo sasa. Msimamishe asubuhi bila viatu, visigino na makalio yakigusa ukuta, macho yakitazama mbele. Chukua kitabu chenye jalada gumu, ukibandike wima ukutani kisha ukishushe mpaka kiguse utosi, na uchore mstari wa penseli chini yake pamoja na tarehe. Tumia futi ya chuma ya fundi kupima kutoka sakafuni, kwa kuwa ile ya cherehani huvutika ikizeeka. Kufikia jioni mtu huwa amepungua karibu sentimita 1 kwa sababu uti wa mgongo umebanwa kutwa, basi usipime leo asubuhi na safari ijayo jioni. Msichana apimwe kabla ya kusukwa. Nywele zilizofungwa juu ya utosi zimewahi kuwapa wengi sentimita 3 za bure.

Rudia baada ya miezi 6, ukuta ule ule. Kupima kila wiki ni kujisumbua, kwani kitabu kikiinama kidogo tu kosa lake linazidi alichokua mtoto.

Kabla ya kubalehe, mtoto wa shule ya msingi hukua kama sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Akikua chini ya 4, usisubiri mwaka mwingine. Kwenye kilele cha kubalehe msichana hufika karibu 8 kwa mwaka, na mvulana 9 hadi 10. Kilele cha msichana hutangulia hedhi, na akishavunja ungo huwa amebakiza kama sentimita 5 hadi 7 tu. Cha mvulana huja katikati ya kubalehe, takriban miaka miwili baada ya kile cha wasichana, na ndiyo maana ukiingia darasa la gredi ya 6 au ya 7 utadhani wasichana ni dada wakubwa wa wavulana.

Kisha linganisha na wazazi. Jumlisha kimo cha baba na cha mama, uongeze 13 kwa mvulana au utoe 13 kwa msichana, ugawe kwa 2. Baba wa sentimita 172 na mama wa 160 wanatarajia mvulana wa karibu 172.5 na msichana wa karibu 159.5, kukiwa na nafasi ya sentimita 8 hadi 10 juu au chini. Mtoto mfupi wa wazazi wafupi anayekua 5 kila mwaka hana ugonjwa.

Mvulana wa miaka 14 bado ana umbo la mtoto

Wazazi hutazama ndevu na sauti. Hizo huja mwishoni. Badiliko la kwanza la mvulana ni korodani kukua, kwa kawaida kati ya miaka 9 na 14, na hakuna anayeliona isipokuwa yeye mwenyewe. Hospitalini hulinganishwa na shanga zilizotungwa kwenye uzi, kuanzia mililita 1 hadi 25, kila moja ikiwa na namba yake. Wavulana huzicheka sana. Ya mililita 4 ndiyo mpaka: ikifika hapo, au urefu wa korodani ukifika sentimita 2.5, amri ya ubongo imeshafika na kinachobaki ni muda. Mvulana wa namna hiyo atarefuka ndani ya mwaka mmoja au miwili hata kama leo anakaa dawati la mbele.

Ikiwa ametimiza 14 na korodani bado hazijaanza kukua, chanzo kinachoongoza kwa mbali ni ucheleweshaji wa kurithi. Mwulize baba, tena mkiwa wawili, maana mbele ya watu kila baba alikuwa dume tangu darasa la sita. Alianza kunyoa lini? Aliendelea kurefuka baada ya kumaliza kidato cha nne? Mwulize mama alivunja ungo akiwa na miaka mingapi. Jibu likiwa 16, umeshapata dokezo. Mtoto wa aina hii hukua pole pole lakini hakwami, na eksrei ya mkono wa kushoto na kiganja huonyesha mifupa ya mtoto mdogo kuliko umri wake, pengine ya miaka 11 au 12 kwa kijana wa 14. Hiyo ni habari njema, kwa sababu bado ana nafasi ya kukua.

Huku kwetu, hata hivyo, usiishie hapo. Kanda ya ziwa ina mambo yake. Ugonjwa wa seli mundu huchelewesha kubalehe kwa mwaka mmoja hadi miwili hivi, na kuna wanaogunduliwa wakubwa kwa sababu maumivu yao ya viungo yalihesabiwa kuwa malaria. Virusi vya UKIMWI alivyozaliwa navyo mtoto huchelewesha pia, hasa dawa zikichelewa kuanzwa au zikirukwa. Kichocho kinachopatikana kwa kuoga na kucheza kwenye maji ya ziwa, minyoo, na malaria ya mara kwa mara humaliza damu na kumdumaza mtoto taratibu. Figo na moyo visisahaulike. Dalili ya kundi hili ni kwamba uzani huanza kushuka kabla ya kimo: kwanza anakonda, halafu harefuki, halafu habalehe.

Na chakula chenyewe. Sahani ya ugali na sukuma siku saba hujaza tumbo lakini haitoshi kwa mwili unaotaka kuongeza sentimita 9 kwa mwaka. Omena, mayai, maharagwe, ndengu, maziwa lala na njugu vinapatikana kwenye masoko ya Kibuye na Ahero, na havihitaji daktari kuviandika.

Sababu adimu zina alama zake. Kuna hali ambapo sehemu ya ubongo inayotoa GnRH haikujengeka sawasawa, na mara nyingi pua nayo huwa haifanyi kazi, kwa sababu vyote viwili hutokea pahali pamoja mtoto akiwa tumboni. Mwambie afumbe macho, umpitishie omena mkavu chini ya pua. Asiyesikia harufu ya omena aende hospitali na taarifa hiyo iandikwe kwenye barua ya rufaa. Kuna pia wavulana wenye kromosomu X ya ziada, takriban 1 kati ya 600, ambao huanza kubalehe vizuri na huwa warefu wa miguu lakini korodani hubaki ndogo.

Juu kuelekea Bungoma, mwezi wa Agosti wa miaka isiyo witiri ni msimu wa tohara, na utawasikia wazee wakisema kijana akipita kisuni atakua. Tohara ina heshima yake, lakini testosteroni haitoki kwenye govi. Aliyetahiriwa akiwa hajabalehe atabaki vile vile mpaka amri itoke juu.

Ucheleweshaji wa kurithi ukithibitishwa na kijana akawa anadhihakiwa hadi anakataa shule, daktari anaweza kumpa testosteroni ya dozi ndogo kwa sindano, mara moja kwa mwezi, kwa miezi 3 hadi 6, ili kuusukuma mfumo wake uanze. Hiyo dozi ni ya daktari. Ile inayouzwa kwa wanyanyua vyuma huifunga mifupa na kuizima pituitari.

Msichana hajaona hedhi

Tazama matiti kwanza. Njia za utafutaji hugawanyika hapo.

Kwa msichana, kubalehe huanza kati ya miaka 8 na 13, kwa kawaida kwa kibonge kigumu kidogo chini ya chuchu, mara nyingi upande mmoja kabla ya mwingine. Mama wengi huja mbio wakidhani ni uvimbe. Si uvimbe. Hedhi hufuata baada ya miaka 2 hadi 2 na nusu hivi. Kwa hiyo aliyeanza matiti akiwa na 12 na nusu hachelewi akifika 14 bila hedhi.

Akitimiza 13 bila dalili yoyote ya matiti, mpeleke. Hapa damu hupimwa LH na FSH, na majibu yake ni rahisi kuelewa. Taa isipowaka, fundi huuliza kwanza kama umeme umefika kabla ya kununua balbu. LH na FSH zikiwa juu sana, ubongo unapiga kelele na ovari haziitikii, yaani umeme upo, balbu ndiyo imeungua. Zikiwa chini, amri haijatoka: huenda ni ucheleweshaji wa kurithi, njaa, ugonjwa wa muda mrefu, au shida kwenye pituitari yenyewe. Katika kundi la kwanza, fikiria kwanza hali ya Turner, ambayo hupata msichana 1 kati ya 2,000 hadi 2,500 na hutokana na kukosa kromosomu X moja au sehemu yake. Ukiuliza vizuri utaambiwa alikuwa mfupi kuliko wote tangu chekechea. Huyu hapaswi kuambiwa asubiri, kwa sababu moyo na figo zake zinahitaji kuchunguzwa, na estrojeni huanzishwa kwa mpango.

Ikiwa matiti yapo kamili, ametimiza 15 au imepita miaka 3 tangu yaanze, na hedhi haipo, tatizo huenda si homoni. Mwulize kama tumbo la chini humkaza kila mwezi kwa siku chache kisha likaacha. Kizinda kisicho na tundu huzuia damu isitoke, nayo hujikusanya ndani mpaka tumbo livimbe. Nimeona familia zikihangaika kwa dawa za minyoo na maombi kwa shida ambayo upasuaji mdogo huimaliza. Kuna pia wasichana waliozaliwa bila mji wa mimba ingawa ovari zao ni nzima. Hao huwa na matiti na nywele kama wenzao, na picha ya tumbo ndiyo hutoa jibu.

Na kabla ya vyote, kipimo cha mimba. Msichana anaweza kushika mimba kabla ya hedhi yake ya kwanza, kwa sababu yai hutangulia damu. Zungumza naye peke yake, mlango umefungwa, mama akiwa nje.

Hedhi ilianza, sasa imepotea au haina hesabu

Miaka 2 hadi 3 ya mwanzo hedhi hupotea njia bila ugonjwa wowote, kwa kuwa ovari bado hazitoi yai kila mwezi. Nafasi ya siku 21 hadi 45 kati ya hedhi na hedhi inakubalika katika umri huu. Ikipita miezi 3 bila damu, tafuta sababu.

Ukishaondoa mimba, uliza kuhusu ile sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi, ambayo mara nyingi hukata hedhi na ambayo msichana hataitaja mbele ya mzazi. Kisha uliza anakimbia kiasi gani na anakula nini. Kuanzia hapa Nandi hadi Iten kuna wasichana wanaoamka alfajiri kukimbia na kurudi kwenye chai na kipande cha mkate. Mwili ukitumia nguvu kuliko unavyopewa, leptini hushuka, vipindi vya GnRH hupungua, hedhi hukatika, na mifupa hukosa estrojeni katika miaka ambayo ilipaswa kujijenga. Makocha wengine huichukulia kama alama ya mazoezi mazuri. Ni alama ya deni, na hulipwa kwa mfupa wa mguu kupasuka.

Msichana mwenye hedhi adimu, chunusi nyingi na nywele kidevuni, hasa akinenepa, apimwe kama ovari zake zina vifuko vingi na homoni za kiume zimezidi. Anayetokwa na damu ya hedhi zaidi ya siku 7, au anayebadilisha pedi kila saa moja au mbili, apimwe damu wiki hiyo hiyo, na daktari aulize kama yeye au ndugu zake hutokwa na damu puani au baada ya kung'oa jino.

Mtoto wa miaka 6 au 7 ameota matiti

Mlaze chali. Mafuta hutandaa na kupotea chini ya vidole, ilhali titi la kweli hubaki na kibonge chini ya chuchu. Watoto wanene wengi huishia hapo.

Kibonge kikiwepo kabla ya miaka 8, au korodani zikikua kabla ya miaka 9, angalia ukuta wako wa penseli. Ikiwa kimo kimeruka ghafla, homoni zinafanya kazi kweli. Mtoto huyu leo ni mrefu kuliko darasa zima na jamaa wanafurahi, lakini mifupa itafunga mapema na atabaki mfupi ukubwani. Kwa wasichana, mara nyingi mfumo umewahi kuamka tu bila ugonjwa nyuma yake. Kwa wavulana, tafuta sababu kwa bidii zaidi, pamoja na picha ya ubongo na kipimo cha tezi za adrenali.

Uliza pia ni nini kipo nyumbani: tembe za kupanga uzazi za mama zilizolambwa kama peremende, au krimu zenye homoni zinazopakwa ngozini na mtu anayembeba mtoto. Kuku wa broila waacheni. Wanakomaa kwa wiki 6 kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa kwa miaka mingi na chakula kizito, wala hawapigwi homoni ya ukuaji.

Tiba ya kuwahi kwa namna hii inanishangaza hadi leo. Daktari humpa mtoto dawa inayofanana na GnRH yenyewe, ile ile inayoanzisha kubalehe, lakini kwa mfululizo. Mtafiti Ernst Knobil alionyesha kwa nyani mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba pituitari huitikia vipindi tu. Ikipigwa bila kupumzika huziba masikio, LH na FSH hushuka, na kubalehe husimama mpaka dawa iachwe.

Jambo moja la kutilia mkazo. Damu ukeni kwa mtoto asiye na matiti si hedhi iliyowahi. Ni jeraha, maambukizi, kitu kilichoingia ndani, au mtoto amedhulumiwa. Mpeleke siku hiyo hiyo, na usimwogeshe kwanza.

Mvulana ameota matiti

Nusu ya wavulana au zaidi hupitia hili, mara nyingi wakiwa na 13 au 14, kwa sababu testosteroni na estrojeni bado hazijapata uwiano. Huuma kidogo na hupotea yenyewe ndani ya miezi 6 hadi miaka 2. Asikamue, asifungwe kitambaa. Muda wa kuoga bwenini humtesa kuliko titi lenyewe, na mwalimu wa zamu akilijua hilo kimya kimya inasaidia.

Dawa fulani huleta hali hii, ikiwemo efavirensi ya UKIMWI, basi ataje anachomeza lakini asiache dawa kwa uamuzi wake. Titi likiota kabla ya korodani kukua, likizidi sentimita 4 au 5, au korodani ikiwa na uvimbe, huyo apelekwe.

Ananenepa lakini harefuki

Hili ndilo lisiloshtua wazazi na ndilo linalonishtua mimi. Mtoto anayenenepa kwa chakula hurefuka pia, mara nyingi kuliko wenzake. Anayenenepa huku mstari wa penseli umesimama ana shida ya homoni.

Thairoidi ikilegea, utaona usingizi mwingi, baridi hata jua la Kisumu likiwaka, choo kigumu na ngozi kavu. Kipimo chake ni cha damu na tiba ni tembe ya kila siku. Kisha kuna zile tembe za kunenepesha zinazouzwa kwenye pakiti zisizo na jina, ambazo baadhi yake zina deksamethasoni. Uso hujaa na kuwa wa mviringo, tumbo huota michirizi ya rangi ya zambarau, kimo husimama. Krimu kali za kuchubua ngozi zikipakwa mwili mzima hufanya vivyo hivyo. Usizikatishe ghafla ikiwa ametumia kwa wiki kadhaa, kwani tezi za adrenali huwa zimelala na mtoto anaweza kuzimia. Daktari hupunguza dozi kidogo kidogo.

Kichwa kinachouma na kutapika asubuhi, kutoona vizuri pembeni, au kiu isiyoisha na mkojo mwingi pamoja na kimo kusimama, hiyo ni safari ya haraka. Huenda kuna uvimbe unaoibana pituitari.

Ya haraka haraka

Harufu ya kwapa au nywele kwa mtoto wa miaka 8 bila matiti wala korodani kukua ni kazi ya adrenali. Fuatilia kimo tu. Chunusi si uchafu na hazitibiwi kwa sabuni ya kufulia. Korodani iliyouma ghafla si dalili ya kawaida ya kubalehe: huenda imejipinda, na baada ya saa 6 hivi uwezekano wa kuiokoa hupungua sana. Panda bodaboda usiku huo huo.

Ukienda hospitali

Kituo cha afya kinaweza kupima kimo, uzani, damu, mkojo na choo. Kisumu rufaa huenda Jaramogi, ile wazee wanayoiita Russia. Nakuru huenda hospitali ya rufaa ya kaunti. Upande wa Eldoret ni Moi. Kesi nzito hupelekwa Nairobi, ambako mwaka 2008 kulianzishwa mafunzo ya madaktari wa homoni za watoto kutoka nchi mbalimbali za Afrika.

Beba kijitabu cha kliniki, vimo ulivyoandika pamoja na tarehe zake, kimo cha baba na cha mama, na pakiti ya kila dawa na krimu anayotumia, hata iliyoisha. Eksrei ya mkono wa kushoto hufanywa mapema kwa sababu ni rahisi na hutoa majibu mengi. Vipimo vya LH, FSH na testosteroni vifanywe kama saa mbili asubuhi. Ukitoka mbali, Bondo au Busia, lala kwa jamaa mjini usiku wa kuamkia siku hiyo. Testosteroni ya kijana anayeanza kubalehe ikipimwa alasiri inaweza kuonekana ya mtoto, na mtaanza upya.